Je, Wajua? Hesabu za Mbu wa Nchelenge

Je, wajua kwamba daktari wa hisabati alifia karibu na Ziwa Mweru? Francisco José de Lacerda e Almeida, mzaliwa wa Brazili aliyesomea Coimbra, Ureno, aliondoka Tete, Msumbiji ya leo, mwaka 1798 kutafuta njia ya nchi kavu hadi Angola. Alifika kwa mfalme Mwata Kazembe akiwa hoi kwa maradhi, na Oktoba hiyo akafa.

Je, wajua nani anatawala usiku wa Nchelenge, wilaya ya Zambia kando ya ziwa hilohilo? Mbu aitwaye Anopheles funestus. Neti zimegawiwa, kuta zimepuliziwa dawa, malaria bado iko juu.

Je, wajua kwamba Ronald Ross, mshindi wa Nobel ya 1902, alitumia milinganyo kuonyesha kuwa si lazima kuua mbu wote? Wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hukatika.

Je, wajua kwamba umri wa mbu ni hatari kuliko wingi wake? George Macdonald alilionyesha hilo miaka ya 1950, nami sijaona hesabu tamu kuliko hii. Vimelea huchukua siku kama 10 kukomaa ndani ya mbu. Chukua mbu 100. Kila siku wakipona 90 kwa 100, siku ya 10 wamebaki 35. Dawa ya ukutani ikishusha 90 kuwa 80, wanabaki 11 tu! Shika simu, zidisha 0.8 yenyewe kwa yenyewe mara kumi, utaona.

Je, wajua kwamba "masamu" ni hisabati kwa Kinyanja? Ndilo jina la mpango wa utafiti wa hisabati unaoongozwa na Overtoun Jenda, mzaliwa wa Malawi na profesa wa Auburn, Marekani, pamoja na SAMSA, chama cha wanahisabati wa kusini mwa Afrika kilichoundwa 1981. Mwanafunzi, mhadhiri chipukizi na profesa mkongwe hukaa meza moja, swali moja, na makala huandikwa kwa majina ya wote.

Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Zambia navyo vina mtandao wao wa hisabati, ulioanzishwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden.

Je, wajua kwamba uvuvi Mweru, upande wa Zambia, hufungwa kila Desemba hadi Februari? Wavuvi wengi huacha ufuko wakaenda kulima bara, na vimelea damuni mwao. Mlinganyo wa malaria uliowaweka ziwani mwaka mzima umekosea, na wa kumwambia mwanafunzi hivyo ni mtu aliyewahi kulala Kashikishi, ufukoni mwa Nchelenge.