Unga wa Kasumbalesa au wa mashamba yetu?



Katika komini ya Lubumbashi, mama akienda sokoni kutafuta unga wa bukari, anakuta unga wa Zambia uliopitia Kasumbalesa, mpaka ulio karibu kilomita 90 kutoka mjini. Anakuta pia unga wa mahindi yaliyolimwa hapa Haut-Katanga. Mara nyingi ule wa kutoka nje ndio wa bei ndogo. Mkristo anunue upi? Swali hili linaulizwa katika makusanyiko yetu, nasi tunapenda kulieleza, kwa maana linagusa chakula cha kila siku.

Kwanza tuelewe sababu ya bei. Serikali ya Zambia inasaidia wakulima wadogo kupata mbegu na mbolea kwa bei ya chini, na wakulima wake wakubwa wako karibu na reli na barabara. Kwetu, mkulima wa Kasenga au Mitwaba ananunua mbolea iliyotoka nje, anasafirisha mahindi kwenye barabara mbovu, na njiani analipa kwenye vizuizi. Vijana wengi wameacha jembe, wamekwenda kuchimba shaba na kobalti. Basi unga wetu ukiwa ghali, tusiseme haraka kwamba wakulima wetu ni wavivu.

Pili, mama mwenye watoto wengi na pesa kidogo hatendi dhambi akinunua unga wa bei ndogo. Mwanamke hodari wa Mithali 31 anasifiwa kwa kuleta chakula kutoka mbali (mstari wa 14). Lakini katika mstari wa 16, mwanamke yuleyule anaangalia shamba, analinunua na kulipanda. Ananunua kwa wageni, na nyumbani pia analima.

Sisi tumeshika mstari wa 14 na kusahau wa 16. Mwaka 2024 ulitufundisha. Mwezi wa pili, Rais Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa la Zambia. Karibu nusu ya mashamba yao ya mahindi yalikuwa yameharibika. Mwezi wa nane, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa biashara: Kongo ilikuwa imekataza soda na bia zao. Ugomvi haukuhusu unga, lakini malori yote yalisimama. Jirani akikosa mvua, au wakubwa wakikosana, sufuria zetu ndizo zinazobaki tupu. Na mkulima wetu aliyekosa wanunuzi miaka yote hawezi kutuokoa kwa wiki moja, kwa sababu mahindi hupandwa mvua zinapoanza na kuvunwa miezi mingi baadaye.

Basi tufanye nini nyumbani? Tunapendekeza mambo manne.

Pima kwa uzito. Mfuko au meka ya bei ndogo ambayo haijajaa si rahisi.

Nunueni mahindi ya hapa wakati wa mavuno, kati ya mwezi wa nne na wa sita, bei inaposhuka. Mama mmoja peke yake hawezi kununua gunia, lakini kikundi cha likelemba kinaweza, kisha mnasaga kidogo kidogo. Yakausheni vizuri, na punje zenye ukungu zitupeni, kwa maana sumu yake haiishi hata ukipika.

Changanyeni unga wa muhogo, kama wazee wetu walivyofanya. Muhogo unavumilia ukame kuliko mahindi.

Na mkulima wa kusanyiko lako akileta gunia, usimpunje kwa sababu ana shida ya karo. Mlipe bei ya haki, ili mwaka ujao alime tena.

Katika miezi ya njaa, kuanzia wa kumi na mbili mpaka wa tatu, akiba ikiisha, nunueni unga wa mpakani kwa shukrani. Hatusemi tuuache. Tunasema usiwe tegemeo letu la pekee.

Ninyi wa Bukavu, Uvira na Kalemie mna mipaka yenu na bidhaa zenu. Kaeni na wamama na wakulima wa kanisa, mhesabu pamoja, kabla mvua hazijaanza.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu.