Kutoa Mafuta, Lami na Rangi za Kale Chini ya Boneti ya Motokaa

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza kazi ambayo watu wengi huifanya kwa nguvu za mikono tu, nayo ni kazi ya kuondoa matabaka ya kale yaliyogandamana pale injini ilipokaa. Upande wa Namasakata, katika nchi ya Ruvuma, si ajabu kukuta Land Rover kuukuu imelala chini ya mwembe, na mwenyewe ameazimia kuifufua ili ichukue magunia ya korosho. Afunguapo boneti huona uchafu mweusi mgumu kama gome la mti. Mara hutafuta patasi, au chupa ya petroli, au moto. Vyote vitatu vina hatari, na viwili kati yake vyaweza kuunguza nyumba.

Kwanza yafaa kujua gari lenyewe limetengenezwa kwa nini. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948. Siku zile, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa haba Uingereza, hata kikagawanywa kwa kipimo, lakini alumini ilipatikana. Kwa hiyo mabawa na milango ilifanywa kwa mchanganyiko wa alumini, bali fremu ya chini na ukuta unaotenga injini na abiria vilifanywa kwa chuma. Basi mbele ya injini moja zimo madini mbili, na dawa inayofaa kwa moja huiharibu nyingine. Kuzipambanua ni jambo rahisi. Chukua sumaku iliyotolewa katika spika ya redio iliyokufa, uipitishe juu ya rangi. Inaponata pana chuma. Isiponata, pana alumini. Weka alama kwa chaki kabla ya kuanza.

Kisha ujue uchafu wenyewe ni wa namna gani. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, usugue mahali padogo, ungoje kitambo. Kitambaa kikigeuka rangi ya kahawia, hayo ni mafuta ya injini yaliyochanganyika na vumbi jekundu la barabara na kupikwa na joto miaka mingi. Kikigeuka cheusi cha kunata, hiyo ni lami iliyopakwa zamani ili kuzuia kutu. Kikibaki safi, unayoiona ni rangi.

Kabla ya kugusa lo lote, toa betri. Ufungue kwanza ule waya uliofungwa katika mwili wa gari. Hatusemi waya wa alama ya kutoa wala wa kujumlisha, kwa sababu magari mengi ya Kiingereza ya zamani yalifungwa waya wa kujumlisha katika mwili, kinyume cha magari ya siku hizi. Ukianza na ule mwingine, na spana ikagusa chuma cha gari, umeme wote wa betri hupita katika spana, ikatoa cheche na kuchoma mkono. Baada ya hayo ziba mdomo wa kabureta, na ufunike dinamo na nyaya kwa mfuko wa nailoni.

Mafuta yaliyoganda huanza kutolewa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa. Mwanzi haukwaruzi alumini. Baadaye pakaa mafuta ya taa kwa burashi, ngoja robo saa, paka tena, ufute. Mwisho osha kwa maji ya moto na sabuni. Wako mafundi wanaosema petroli hufanya kazi upesi zaidi, nasi hatukatai. Lakini petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mafuta ya taa hufikia hali hiyo kiasi cha nyuzi 38 za joto. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, ukavuka ua, ukafika mekoni kwenye mafiga. Hapo moto hurudi kwa njia ile ile, na fundi hajui ulikotoka. Wala mafuta ya taa yenyewe usiyatumie juu ya injini yenye moto, au juu ya bati lililoachwa juani tangu asubuhi.

Lami ina tabia yake. Mchana wa Oktoba huwa laini kama ubani uliotafunwa, na kila ukikwangua huifuata patasi na kurudi mahali pake. Asubuhi ya Juni au Julai, wakati wa kipupwe, huwa kavu na kuvunjika vipande. Kwa hiyo mwenye busara huikwangua alfajiri, akaacha mabaki membamba yafutwe kwa mafuta ya taa baadaye. Wengi huuliza kwa nini kusumbuka kuitoa, maadamu iliwekwa kuzuia kutu. Jibu ni kwamba lami ya kale hupasuka, maji yakaingia nyuma yake na kukaa humo, na kutu ikala fremu pasipo mtu kuiona. Fremu iliyolika yaweza kukatika gari likiwa na mzigo na watu.

Sasa twafika kwenye rangi, na hapa twaomba msikilize kwa makini. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke vema na kudumu. Ubaya wake kwa afya ulijulikana mapema: mwaka 1921 mataifa yalifanya mapatano mjini Geneva ya kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya majumba. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, maana huharibu ubongo unaokua. Mtoto hucheza mavumbini, kisha akatia vidole kinywani. Mama mwenye mimba naye asiwe karibu na kazi hii.

Basi rangi ya kale isisuguliwe kavu, wala isichomwe kwa taa ya moto, kwa kuwa moto hugeuza risasi kuwa moshi wa kuvutwa puani. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii vumbi jembamba kama hilo. Tumia msasa wa maji, ukiulowesha kila mara, ili kila kinachotoka kiwe tope. Tandika turubai chini ya gari, ukusanye tope hilo katika debe lenye kifuniko, ulihifadhi mbali na watoto. Usilimwage kisimani, mtoni wala shambani. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ukiona kamba nyeupe yenye nyuzi nyuzi imezungushiwa bomba la moshi, usiikwangue kabisa, maana huenda ikawa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Wengine hupenda kostiki, ile ile wanayopikia sabuni. Ni dawa kali kweli, na rangi huivua kama ngozi ya ndizi. Lakini ikigusa alumini huila, hutoa povu, na katika povu hilo hutoka hewa ya haidrojeni inayowaka. Bawa jembamba laweza kutobolewa. Zinki nayo huliwa vivyo hivyo, kwa hiyo usiweke kostiki juu ya vipande vilivyopakwa zinki kama bati la paa, ijapokuwa sumaku yanata hapo. Itumike kwa vyuma vitupu vilivyokwisha kutolewa garini, na kila mara kostiki itiwe ndani ya maji, si maji ndani ya kostiki, maana huchemka na kuruka machoni. Watu wa Tunduru wajua jinsi mafuta ya ganda la korosho yanavyobabua mikono. Kostiki ni kali kupita hayo. (Mafuta hayo ya ganda, tukiyataja, huuzwa viwandani na kutiwa katika pedi za breki za motokaa, hivyo pengine korosho zetu zimekwisha kurudi kwetu kwa njia hiyo.)

Iko pia dawa ya kopo iitwayo methilini kloridi. Marekani mwaka 2019 ilikataza isiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kutolea rangi, kwa sababu mvuke wake uliwaua watu waliofanya kazi katika vyumba vilivyofungwa. Ukiikuta katika duka la zamani, iache hapo.

Kabla ya kusugua fremu, tafuta namba iliyogongwa katika chuma na uifunike kwa utepe. Namba ikifutika kwa msasa, mwenye gari hataweza kuonyesha kwamba gari ni lake.

Chuma kilichovuliwa rangi kikaushwe na kupakwa rangi ya kwanza siku ile ile, maana umande wa usiku mmoja watosha kuanzisha kutu. Alumini yataka rangi ya kwanza ya namna yake, kwa kuwa ya chuma hubanduka juu yake. Mahali alumini inapokutana na chuma tia kipande cha mpira au rangi nzito, kwa sababu vikikutana penye unyevu alumini ndiyo huliwa. Rangi ikikauka, rudisha betri, na safari hii waya wa mwili ufungwe mwisho. Washa injini, ukae kando na tochi kwa dakika kumi ukitazama. Juu ya chuma safi hata tone moja la mafuta ya breki huonekana, na hapo utajua ni bomba lipi linalovuja.