Kazi ya kompyuta: mtoto aulize kabla ya kusaini

Wazazi wengi wa Nyangezi wanatuuliza jambo moja. Mtoto amepata diploma ya Serikali, anakataa kushuka mu shimo kama baba yake, anasema atatafuta kazi kwa kampuni ya teknolojia, Nairobi ama Kigali. Sisi wa sendika hatumkatazi. Shimo tunalijua. Lakini ajue kwanza yaliyowapata wenzake kule Nairobi.

Mwaka wa 2019 Sama, kampuni yenye makao Marekani, ilianza kuajiri vijana Nairobi kwa kazi ya Facebook. Walitafutwa wenye kujua lugha za Afrika; wengine walitoka Ethiopia, Uganda, hata Afrika ya Kusini. Kazi yenyewe: kutazama video na picha mbaya siku nzima na kusema ipi iondolewe. Daniel Motaung, wa Afrika ya Kusini, alisema baadaye kwamba wakati wa kuajiriwa hakuelezwa atatazama nini. Video ya kwanza aliyoikuta ilikuwa ya mtu anayekatwa kichwa. Alipowakusanya wenzake kudai mshahara na matunzo, alifukuzwa. Mwezi wa tano 2022 akashitaki Sama na Meta, wenye Facebook, mbele ya mahakama ya Nairobi. Kampuni zilikana.

Tena pesa. Jarida la Time liliandika Januari 2023 kwamba OpenAI, wenye ChatGPT, walikuwa na mkataba wa kuilipa Sama dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi aliyesoma maandishi machafu ili mashini ijifunze kuyatambua alibaki na kati ya dola 1.32 na 2. Sama ilijibu kwamba ile 12.50 ililipa pia gharama zingine. Kreseri atacheka. Kilo inatoka kwetu, inapita kwa negosia, inafika kontwari ya Bukavu, na kila mmoja njiani anasema gharama zake ni nyingi! (Na bati ndiyo inayounganisha vipande ndani ya zile simu na kompyuta zao.)

Sasa, ile siku ya mahojiano. Vijana wetu wanadhani ni mtihani: wakubwa wanauliza, yeye anajibu, anashukuru, anasaini. Kwa kampuni hizi mara nyingi yanakuwa zaidi ya moja: ya simu, halafu jaribio kwenye kompyuta, halafu kuketi mbele ya wakubwa. Ajiandae, ndiyo. Lakini mwishoni watamwambia: uko na swali? Pale asinyamaze. Nitaona nini kwenye skrini kila siku? Kazi ni ya kampuni hii, ama iko nyingine nyuma yake? Nani ameandikwa kwenye kontra kama mwajiri? Mnalipa kwa saa, kwa mwezi, ama kwa kipande? Nikikosa usingizi juu ya yale ninayoona, nani atanitunza? Wakikataa abebe kopi nyumbani kuisoma, jibu tayari analo. Na mtu anayeomba pesa za dosiye kwa WhatsApp kabla ya mahojiano, huyo ni mwizi tu, hakuna kampuni pale.

Wale wa Nairobi hawakubaki kulia. Tarehe 1 Mei 2023, siku yetu wafanyakazi, zaidi ya 150 kati yao, wa kazi za Facebook, TikTok na ChatGPT, walikutana wakapiga kura kuunda sendika yao. Mwezi wa tisa 2024 mahakama ya rufaa ya Kenya ikasema Meta inaweza kushitakiwa kule kule Kenya, hata kama makao yake yako Marekani. Kwetu Kongo, katiba ya 2006, kifungu cha 38, inatambua uhuru wa sendika, na haisemi ni wa wachimbaji peke yao.

Kijana mwenye kontra ya namna hiyo mkononi atuletee tuisome pamoja kabla ya kuweka saini. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, tutatafuta mwalimu wa kututafsiria.