Mufilisi Mbele ya Jaji

Wako watu wanaoelemewa na madeni hata wakaacha nyumba na watoto, wakakimbilia mji wa mbali. Hufikiri kwamba hakuna njia nyingine. Lakini katika nchi ya Kenya sheria ya mwaka 2015 imeweka njia, nayo hupita mahakamani. Yafaa uijue, wala usidhani ni njia ya mkato.

Mtu asiyeweza kulipa aweza kuomba atangazwe kuwa mufilisi. Hata wadai wake waweza kuiomba Mahakama Kuu imtangaze. Hapo mali yake hushikwa na msimamizi, huuzwa, na wadai hugawiwa. Vyombo vya lazima vya nyumbani na zana za kazi huachiwa, kwa kiasi. Lakini siku hizo hana ruhusa ya kufanya biashara apendavyo, wala kuchaguliwa kuwa mbunge.

Je, atabaki hivyo maisha yake yote? La. Kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 3. Lakini angalia sana: miaka hiyo huhesabiwa tangu siku alipopeleka orodha ya mali na madeni yake. Anayeichelewesha orodha anajichelewesha mwenyewe.

Msimamizi au mdai akipinga, au mufilisi akiomba afunguliwe mapema, ndipo shauri husikilizwa. Msimamizi huleta taarifa: Mtu huyu alifilisika kwa sababu gani? Je, alitimiza wajibu wake? Mwenendo wake ulikuwaje kabla na baada? Kisha jaji aweza kumfungulia, au kumwekea masharti, au kumkatalia. Basi, aliyepoteza ng'ombe kwa ukame akasema kweli, na aliyeandikisha shamba kwa jina la shemeji ili kulificha, hawasimami sawa mbele ya jaji.

Tena, si kila kitu hufutwa. Kwanza, deni la udanganyifu halifutwi. Pili, fedha za matunzo ya mke na watoto zilizoamriwa na mahakama hubaki. Tatu, na hili husahauliwa mno: mdhamini hafunguliwi. Ndugu yako aliyetia sahihi kwa ajili yako atadaiwa yeye, hata wewe ukiwa huru. Je, umepata kumwambia hayo?

Naye maskini asiye na kitu cha kuuzwa, mwenye madeni ya shilingi 100,000 hadi 4,000,000, hana haja ya kutangazwa mufilisi. Aweza kumwomba ofisa wa serikali anayesimamia mambo ya waliofilisika. Akikubaliwa, kwa kawaida hufunguliwa baada ya miezi 12. Lakini nafasi hiyo hupatikana mara moja tu.

Wazee walisema, dawa ya deni ni kulipa. Sheria haikulitupa neno hilo. Imemhurumia tu yule aliyeshindwa kweli. Basi, baba wa nyumba, ukielemewa usikimbie usiku. Keti na mkeo, andikeni madeni yote katika karatasi moja, hata yale uliyomficha, pamoja na majina ya waliokudhamini. Orodha hiyo ndiyo mtakayoanza nayo kwa wadai, na ikibidi, mahakamani.