Pikapu Inaposaga Ukikata Usukani: Utangulizi kwa Anayeanza

Huenda umefika hapa kwa sababu pikapu yako imeanza kusaga kila unapokata kona. Fundi wa kwanza amekwambia ni beringi, wa pili akasema pampu, wa tatu akashikilia kwamba bolijointi imekwisha. Usiwalaumu. Kila mmoja ametaja kitu kinachoweza kutoa sauti hiyo, na vyote vimekaa pamoja katika sehemu ya mbele ya gari. Utangulizi huu utakuonyesha namna ya kuvitenganisha kwa kusikiliza na kujaribu, kabla hujalegeza nati hata moja. Hauhitaji ujuzi wowote wa awali. Unahitaji masikio, mtu mmoja wa kukusaidia, na subira kidogo.

Nimewaandikia hasa madereva, wenye magari na vijana wanaojifunza ufundi Migori na Homa Bay. Pikapu za huku hubeba samaki na omena kutoka Mbita, Sori na Muhuru Bay, mawe yenye dhahabu huko Macalder, saruji na mbolea hadi vijiji vya Ndhiwa. Kwa siku moja gari laweza kuanzia kwenye lami ya barabara kuu ya A1, inayopita Rongo, Awendo na Migori hadi Isebania mpakani, likaingia kwenye changarawe, likamalizia safari kwenye mchanga wa ufuo. Changarawe hurusha kokoto, vumbi hupenya kwenye viungo, maji huondoa grisi, na mzigo hulemea kila chuma. Kwa hiyo karibu kila ubovu nitakaoutaja utakutana nao hapa hapa, wala hutasubiri miaka mingi.

Gurudumu moja, miendo miwili

Tuanze na lililo jepesi. Gurudumu la mbele lina miendo miwili. Wa kwanza ni kuviringika, gari linapokwenda. Wa pili ni kugeuka kushoto au kulia, unapokata usukani. Kila mwendo una vyuma vyake.

Vyuma vya kuviringika ni vitatu. Habu ni kitovu ambacho gurudumu hufungwa kwacho kwa nati. Ndani yake mna beringi, yaani pete mbili zenye gololi au vijiti vya chuma katikati, zinazoiwezesha habu kuzunguka bila kukwaruzana na chuma kinachoibeba. Pamoja na habu huzunguka diski, sahani ya chuma ambayo hubanwa na padi za breki unapotaka gari lisimame.

Vyuma vya kugeuka ni vingine. Usukani huzungusha mtaimbo unaoshuka hadi kwenye raki, upau wenye meno unaosogea kushoto na kulia. Ncha za raki huunganishwa na magurudumu kwa tairodi, fimbo fupi zenye kiungo mwishoni. Gurudumu hugeuka kwa msaada wa bolijointi, kiungo cha tufe lililokaa ndani ya kikombe, kinacholishikilia gurudumu huku kikiliruhusu kupinda. Pikapu nyingi za zamani zina boksi ya usukani mahali pa raki, lakini kazi ni ile ile. Mwisho kuna pampu ya usukani, inayozungushwa na mkanda wa injini na kusukuma mafuta ili mikono yako isitumie nguvu nyingi. Msaada huu mhandisi Mmarekani Francis Davis aliubuni katika miaka ya 1920, na kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari yenye kifaa hicho mwaka 1951. Baadhi ya pikapu za miaka ya karibuni hutumia mota ya umeme badala ya mafuta.

Sasa shika kanuni ambayo somo lote limejengwa juu yake: sauti huufuata mwendo unaoizaa. Sauti inayokuja gari likiwa limesimama, unapozungusha usukani tu, inatoka kwenye vyuma vya kugeuka. Sauti inayohitaji gari liende, na inayoharakisha kadiri mwendo unavyoongezeka, inatoka kwenye vyuma vya kuviringika. Usukani katika hali hii ya pili huibadilisha sauti tu, haujaizaa. Watu wengi hununua pampu kwa sababu sauti huja “wakikata usukani”, ilhali hawajauliza kama gari lilikuwa linakwenda.

Majaribio matatu ya mwanzo

Jaribio la kwanza: simamisha gari mahali tambarare, injini ikiwa inawaka, vuta breki ya mkono. Zungusha usukani polepole hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia. Msaidizi wako asimame nje, kando ya gari, asikilize kila gurudumu kwa zamu. Ukisikia mngurumo unaozidi usukani unapofika mwisho, fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya usukani. Mafuta yakipungua, pampu huvuta hewa na kulalamika. Ongeza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au katika kitabu cha gari, halafu tafuta yalikovujia, kwa maana mafuta haya hayaishi kama petroli. Usiushikilie usukani mwishoni kwa muda mrefu. Hapo pampu inafanya kazi kwa shinikizo kubwa kabisa.

Jaribio la pili: zima injini, acha ufunguo mahali ambapo usukani haujifungi, kisha uzungushe kidogo kushoto na kulia. Utakuwa mzito, na hilo ni la kawaida. Pampu sasa imelala. Mngurumo ukitoweka, pampu, mafuta au mkanda ndiyo washukiwa wako. Mkwaruzo ukibaki, uko kwenye kiungo. Ukiusikia ndani ya kabini, karibu na mikono yako, chunguza nyuma ya usukani na mtaimbo wake. Ukisikika chini, karibu na tairi, fikiria bolijointi na tairodi.

Jaribio la tatu: tafuta uwanja mpana usio na watu. Endesha mwendo wa mtu anayetembea, zunguka duara kushoto, kisha kulia. Kumbuka ni upande upi sauti inapozidi, na kama inarudi kwa mpigo, mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Majibu haya mawili yana thamani kuliko maelezo marefu.

Kona moja, duara nne

Hapa somo linapanda ngazi, nami naomba ukae nami, kwa sababu jambo moja litakufungulia milango kadhaa. Gari likikata kona, magurudumu yake manne hufuata duara nne tofauti. Lililo ndani ya kona hufuata duara ndogo, la nje duara kubwa, na ya nyuma hukata ndani zaidi kuliko ya mbele. Ndiyo sababu gurudumu la mbele la ndani lazima lipinde zaidi kuliko mwenzake. Mpango huo ulibuniwa na Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, na Rudolph Ackermann akausajilia hataza Uingereza mwaka 1818. Pikapu yako ingali inautumia.

Angalia jambo hilo la duara nne linavyotusaidia. Kwanza, tairi likikwaruza plastiki ya ndani ya bawa au mkono wa chuma unaolishikilia, mara nyingi huwa ni lile la ndani ya kona, usukani ukiwa mwisho, kwa kuwa ndilo lililopinda zaidi. Aliyefunga matairi mapana kuliko yale ya kiwandani aanzie hapo: atafute alama inayong’aa kwenye mpira au kwenye chuma.

Pili, fikiria dereva aliyepita Bonde la Lambwe, karibu na Mbuga ya Ruma, wakati wa mvua. Udongo mweusi umenata, naye ameweka gia ya kuvuta kwa magurudumu manne. Katika pikapu nyingi gia hiyo huzifunga ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani mitaimbo inayozungusha magurudumu, zikazunguka kwa kasi moja. Kwenye tope haidhuru, tairi huteleza kidogo na kujirekebisha. Akifika kwenye lami bila kuitoa gia hiyo, duara zinatofautiana na ekseli zinakatazwa kutofautiana. Kwenye kona usukani unakuwa mzito, gari linarukaruka, vyuma vinasaga. Hakuna kilichoharibika bado. Arudishe gia ya magurudumu mawili, na asikilize tena kabla ya kwenda gereji.

Tatu, pikapu inayovuta kwa magurudumu manne ina jointi za CV mbele. Ni viungo vinavyopeleka mzunguko wa ekseli kwenye gurudumu bila kubadilisha kasi, hata gurudumu likiwa limepinda. Mara nyingi hulindwa na mpira wenye mikunjo uliojaa grisi. Mpira ukipasuka, mchanga huingia, na kiungo hutoa sauti ya kukatika-katika unapokanyaga mafuta kwenye kona kali. Kama pikapu yako inavuta kwa magurudumu ya nyuma pekee, mbele haina viungo hivi. Vifute kwenye orodha yako leo.

Kokoto, beringi na mikono yako

Turudi kwenye sauti zinazoviringika. Nyuma ya diski pana bamba jembamba la kuikinga na vumbi. Kati ya bamba na diski pana nafasi ndogo, na barabara ya changarawe hutupa humo kokoto isiyozidi punje ya kunde. Sauti yake inatisha: chuma kinalia kama kinakatwa, kikibadilika kila unapogusa usukani. Inua gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono, utasikia mkwaruzo na kuona mchirizi mpya uliong’aa kwenye diski. Wakati mwingine kurudisha gari nyuma hatua chache kunaiangusha kokoto. Wakati mwingine bamba limepinda, nawe unalivuta kidogo kwa vidole lisiguse diski. Subiri diski ipoe kwanza. Ikitoka safarini inaunguza.

Mkwaruzo ukibadilika unapokanyaga breki, kagua unene wa padi. Padi iliyokwisha huacha chuma kikisaga diski.

Beringi husema kwa namna nyingine. Huvuma, na uvumi huo hupanda na mwendo. Kwenye kona uzito wa gari huhamia upande wa nje, hivyo uvumi ukizidi unapokata kulia, shuku beringi ya kushoto. Ukizidi kushoto, shuku ya kulia. Ili kuthibitisha, inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki, kisha tikisa tena. Breki huifunga habu na chuma kinachoibeba, kwa hiyo mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi. Ukibaki, ni bolijointi au kiungo jirani yake. Halafu shika kushoto na kulia: mchezo wa upande huo mara nyingi ni wa tairodi. Mikono ile ile, mahali pawili tofauti, majibu mawili.

Sasa sikiliza kwa makini. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo. Na bolijointi ikionyesha mchezo, usiendelee na safari, hata kama mzigo wa samaki unangojewa sokoni. Ikichomoka, gurudumu hulala upande na gari halishikiki tena. Mwite fundi lilipo gari.

Unapochanganyikiwa

Utaniuliza: mbona naisikia kulia, na fundi amekuta ubovu kushoto? Chuma husafirisha sauti. Chasisi huibeba kutoka gurudumu moja hadi chini ya kiti chako, kwa hiyo sikio la aliye ndani ya kabini hupotoka kwa urahisi. Mwamini zaidi aliye nje, na uamini zaidi lile gurudumu ulilolizungusha kwa mkono.

Utauliza tena: ikiwa sauti ni mbili? Hutokea, hasa kwa gari lililozoea changarawe. Tibu moja, kisha rudia majaribio yote tangu mwanzo, badala ya kudhani kwamba iliyobaki ni ile ile.

Unapokwenda gereji, mpelekee fundi majibu manne: gari lilikuwa linakwenda au limesimama, sauti ilibaki injini ilipozimwa au la, ilizidi upande gani wa kona, ilibadilika kwa breki au kwa mwendo. Kwa majibu hayo anaanzia pale ulipoishia, na fedha zako zinabadilisha kifaa kilichokufa, si vitatu vilivyo vizima. Ukivutiwa zaidi ya hapo, njia iko wazi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huwatahini mafundi wa magari kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na wengi wanaofaulu walianza kwa kushika spana chini ya fundi mzoefu.

Lakini usingoje gari liharibike ndipo uanze. Fanya majaribio yale matatu kwenye pikapu nzima, yako au ya jirani. Sikia jinsi pampu yenye mafuta ya kutosha inavyonguruma kidogo usukani ukifika mwisho, na jinsi gurudumu lenye beringi nzima linavyozunguka kimya. Sikio huutambua ubovu kwa kuujua uzima kwanza, na uzima unaweza kuujifunza leo bila kulipa hata shilingi.