Je, Wajua? Koti Halina Joto

Je, wajua kwamba koti halina joto la kwake? Joto ni lako. Nguo hulizuia tu lisitoroke, na kinacholizuia hasa ni hewa tuli iliyonaswa ndani yake. Wainuit wa Greenland, kaskazini mwa Kanada na Alaska walishona kwa kanuni hiyo karne nyingi kabla ya viwanda.

Je, wajua kwa nini walipenda ngozi ya karibuu, kulungu wa nchi za barafu? Unywele wake una vishimo vya hewa ndani. Karibuu wa ngozi za nguo waliwindwa hasa kuanzia mwishoni mwa kiangazi, manyoya yakiwa ya kadiri. Yale marefu ya katikati ya majira ya baridi hunyonyoka ovyo.

Je, wajua kwamba kwenye baridi kali zilivaliwa suti mbili? Manyoya ya suti ya ndani yaligusa mwili, ya nje yalitazama upepo. Koti lilipitishwa kichwani, halikufunguka mbele.

Je, wajua kwamba adui mkubwa ni jasho? Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Ndiyo maana nguo zilipwaya: mwindaji akianza kutota, alirudisha kofia nyuma na hewa ya moto ikatokea shingoni. Kabla ya kuingia ndani, nguo zilichapwa kwa fimbo ili theluji idondoke kabla haijayeyuka.

Je, wajua siri ya buti zisizopitisha maji? Hapa nawavulia kofia mafundi, nao walikuwa wanawake. Ngozi ya sili, mnyama wa baharini, ilishonwa kwa uzi wa kano za mnyama, na sindano haikutoboa ngozi yote. Ilizama nusu ya unene, ikaibukia upande uleule. Kisha mshono wa pili ukapita upande mwingine, vivyo hivyo. Hakuna tundu lililotokeza! Tena kano ikilowa huvimba, ikaziba hata upenyo uliobaki. Mshono ukiachia safarini, mvaaji angeweza kupoteza vidole vya miguu.

Je, wajua kwamba koti la mvua lilitengenezwa kwa utumbo? Wa sili au wa walarasi, mnyama mwingine wa baharini: ulisafishwa, ukapulizwa, ukakaushwa, ukachanwa na kuungwa. Jepesi ajabu.

Je, wajua kwamba mtoto wa Kiinuit hubebwa ndani ya koti? Mbeleko yetu hufungwa juu ya nguo. Vazi lao, amauti, lina mfuko mgongoni, na kofia pana hufunika vichwa vyote viwili. Mabega yake mapana humwezesha mama kumzungusha mtoto mbele anyonye bila kumtoa nje.

Je, wajua kwamba mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore aliivuta ghafla plastiki ya aina ya Teflon, ikatanuka na kujaa vitundu vidogo mno? Mvuke wa jasho hupita, tone la mvua halipiti. Ndiyo ikawa Gore-Tex.

Je, wajua kwamba Roald Amundsen wa Norwe alijifunza mavazi kwa Wainuit wa Netsilik, alipokaa jirani nao kuanzia 1903? Tarehe 14 Desemba 1911 alifika Ncha ya Kusini, na nguo za manyoya zilikuwamo safarini. Mwingereza Robert Scott na wenzake, waliotegemea sufu na pamba ya kuzuia upepo, walifika 17 Januari 1912. Wote watano walifia njiani wakirudi. Nguo si sababu pekee, maana mbwa wa kuvuta sleji, chakula na hali ya hewa vilihusika pia. Lakini ningeulizwa, ningevaa ya Amundsen.

Je, wajua kwamba kanuni ya kuepuka jasho inafanya kazi hata Kilimanjaro, mita 5,895? Usiku wa kupanda kileleni, fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki upesi. Vaa sufu au poliesta mwilini, na ufungue zipu kabla hujaanza kutoka jasho.