Kupaka na Kutia: Juu ya Shingo ya Gitaa na Weusi wa Ubao Wake

Katika shule na kwaya nyingi za Nyanda za Juu Kusini, tangu Iringa hata Mbeya, gitaa limekuwa chombo cha kila siku. Lakini maneno ya kulitengenezea bado ni machache, na ujuzi wake ni haba. Mwalimu aliye na gitaa la zamani, ambalo shingo yake yanata mkononi na ubao wake umechujuka, hudhani ya kuwa limekwisha. Ama hulitupa stoo likaliwa na vumbi, ama humwachia mtu yeyote mwenye rangi nyeusi alipake. Njia zote mbili ni hasara. Kazi ya kulirudisha yaweza kufanywa nyumbani, kwa vitu vipatikanavyo sokoni na mashambani mwetu, mradi mtu ajue vema tofauti ya maneno mawili ya Kiswahili: kupaka na kutia.

1. Majina ya viungo

Wahehe wa Iringa wana chombo chao cha asili kiitwacho ligombo, ambacho Hugh Tracey alikinasa sauti mwaka 1950 alipozunguka Tanganyika akikusanya muziki wa wenyeji. Nyuzi za ligombo zimetandikwa juu ya ubao uliochongwa mfano wa hori, na kila uzi hutoa sauti yake. Hakina shingo ya kubania nyuzi kwa vidole. Katika gitaa mambo ni mengine: uzi mmoja hutoa sauti nyingi, kwa kuwa kidole huufupisha. Ndiyo sababu shingo ndiyo sehemu ishikwayo kuliko zote, nayo ndiyo ya kwanza kuchakaa.

Wapigaji wamekwisha kulipa gitaa viungo vya mwili: lina kichwa, shingo na tumbo. Lakini shingo yenyewe ni vipande viwili vya mti. Cha nyuma ndicho kiganja hukishika, na katika makala haya ndicho tutakachokiita shingo. Cha mbele ni ubao mwembamba uliogandishwa juu yake, ambamo vimepandwa vyuma vidogo vya kugawia sauti, viitwavyo freti. Huo tutauita ubao wa vidole. Vipande hivi havitaki dawa moja. Shingo yataka ngozi laini isiyonata. Ubao wataka weusi usiotoka kwa jasho wala kwa kusuguliwa na nyuzi.

Tuongeze neno moja la zana. Karatasi ya kulainishia mbao twaiita msasa, na wengi hudhani ya kuwa ni jina la karatasi tangu mwanzo. Kumbe msasa ni mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi wa zamani waliyatumia kusugulia mbao kabla ya karatasi za dukani kufika.

2. Kupaka si kutia

Ukuta hupakwa chokaa. Nguo hutiwa rangi. Kinachopakwa hukaa juu, na kwa hiyo chaweza kubanduka. Kinachotiwa huingia ndani, na kikikaa sawasawa twasema kimekolea. Watu wengi watakao ubao mweusi hupaka: wengine dawa ya viatu, wengine masizi yaliyochanganywa na mafuta, wengine hata oili chafu ya gari. Ubao huonekana mzuri siku ya kwanza. Siku ya pili vidole ni vyeusi, na nyuzi zimeshika uchafu na kupoteza mlio. Baada ya mwezi rangi imeondoka palepale vidole vinapobonyeza, ikabaki pembeni tu. Kosa si la rangi peke yake; ni la kupaka mahali palipotaka kutiwa.

3. Weusi watoka wapi

Kila mtu aliyemenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma ameuona weusi huu. Kisu huwa cheusi, na vidole vivyo hivyo. Kadhalika msumari uliopigwa katika ubao mbichi huacha alama nyeusi kuuzunguka. Sababu ni moja. Ndizi mbichi, magome ya miti mingi na majani ya chai vina kitu kile kikazacho ulimi, ambacho Kiswahili hukiita ukakasi, na wataalamu hukiita tanini. Ukakasi ukikutana na chuma kilichoyeyuka katika uchachu, huzaliwa rangi nyeusi. Na ikizaliwa ndani ya vinyweleo vya mti, haitoki tena kwa kufutwa.

Elimu hii ni ya kale. Wino uliotumika Ulaya kwa karne nyingi, katika vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono na katika daftari za makanisa, ulitengenezwa kwa chuma na ukakasi wa vivimbe vya mialoni. Huko Mali mafundi wa nguo huichovya nguo kwanza katika maji ya majani yenye ukakasi, kisha huipaka tope lenye chuma. Tope huoshwa, weusi hubaki. Jina la kazi ni kupaka, lakini tendo lenyewe ni kutia.

Nyanda zetu hazikunyimwa vitu hivi. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hata mwaka 2012, ina mashamba makubwa ya miwati. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa huko mwaka 1949 kwa ajili ya magome ya mti huo, ambayo ukakasi wake hutumika kutengeneza ngozi. Asiye na magome ya muwati anayo chai ya Mufindi au ya Rungwe, nayo yatosha.

4. Kazi yenyewe

Kwanza, legeza nyuzi zote kidogo kidogo, kisha uzitoe. Funika tumbo la gitaa kwa kitambaa, na kila freti kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa maana uchachu huchafua vyuma.

Pili, iendee shingo. Vanishi inayonata hutolewa kwa kuparuliwa kwa ukingo wa kipande cha kioo, kama wafanyavyo maseremala wengi, mkono ukikingwa kwa kitambaa kinene. Fuata nyuzinyuzi za mti, usizikate. Ukiuona mti, acha. Wala usiendelee kuuchonga, kwa maana unene wa shingo ndio nguvu yake. Kisha usugue kwa msasa wa namba 120, halafu 220, halafu 400. Ufanye kazi hii nje, nawe umefunga pua na kinywa, kwa kuwa vumbi la vanishi ni baya kwa mapafu.

Tatu, ubao wa vidole. Uondoe mafuta ya vidole kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kisha uusugue polepole kwa msasa wa namba 220 katikati ya freti. Kama una vanishi, yote iondoke. Chai haiingii palipozibwa.

Nne, tengeneza dawa mbili katika vyombo mbalimbali. Ya kwanza ni ya chuma: chukua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, za namna ishikayo kutu, uzioshe kwa sabuni, uzitie katika nusu lita ya siki nyeupe ndani ya chupa ya kioo. Ziache siku tatu hata saba. Usikaze kifuniko, bali funika kwa kitambaa. Chuma kikiyeyuka hutoa hewa iwezayo kupasua chupa na kuwaka moto, basi chupa iwe mbali na jiko. Halafu uchuje mara mbili. Dawa ya pili ni ya ukakasi: chemsha vijiko vinne vya majani ya chai katika kikombe kimoja cha maji kwa dakika kumi na tano, uache ipoe. Dawa hizi zisichanganywe kikombeni, kwa maana weusi utazaliwa humo, na mti utabaki na masimbi tu.

Tano, zijaribu kwanza katika kipande cha mti mwingine, kwa kuwa kila mti hupokea kwa namna yake: misindano ina ukakasi mdogo na huhitaji chai mara nyingi. Kisha upitishe chai juu ya ubao kwa kitambaa kilichokamuliwa, uache ukauke, urudie. Ndipo upitishe dawa ya chuma kwa kitambaa kingine. Mwanzo utauona ubao wa kijivu. Baada ya dakika chache utageuka mweusi. Usiuloweshe, usije gundi ikaachia na shingo ikapinda. Uache hata kesho, uufute kwa kitambaa chenye unyevu, uulainishe kidogo kwa msasa wa namba 400, na kama weusi haujatosha, urudie yote.

Sita, ngozi ya mwisho. Mafuta ya kitani hupakwa kidogo sana, na baada ya robo saa yaliyobaki hufutwa. Ubao wataka mara moja au mbili. Shingo yataka mara tatu, kwa kupumzika siku moja kila mara. Miezi ya Juni hata Agosti, baridi ya Mbeya na Njombe huchelewesha kukauka. Ngoja siku mbili au tatu. Nta ya nyuki kidogo juu ya shingo itaifanya iteleze. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visikunjwe wala kurundikwa, kwa maana hujipasha moto vyenyewe hata vikawaka. Vitandaze nje vikauke, au uvitie majini. Nyumba nyingi duniani zimeungua kwa kutojua jambo hili dogo.

5. Weusi na ukweli

Pana jambo la mwisho, nalo lahusu uaminifu. Ubao uliotiwa weusi waweza kufanana na mpingo hata mnunuzi asitambue, lakini si mpingo. Mpingo ni mweusi tangu kiini chake, ni mgumu, na kiini hicho huzama majini kwa uzito. Hata jina lake huchanganywa: wengi huuita abunusi, bali abunusi ya kweli ni ya jamii nyingine ya miti, na mpingo ni wa jamii ya Dalbergia. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya miti yote ya jamii hiyo imewekwa chini ya uangalizi wa mapatano ya CITES, ingawa ala za muziki zilizokamilika zilipewa nafuu mwaka 2019. Kwa hiyo si aibu kuutia weusi mti wa kawaida. Aibu ni kuuza msindano kwa jina la mpingo. Fundi amwambie mnunuzi mti wenyewe ni upi, na rangi imefika wapi: ni ya ngozi tu, na freti zikibadilishwa au ubao ukikwaruzika sana, weupe utaonekana, na dawa itatiwa tena.

Kabla ya kurudisha nyuzi, sugua ubao kwa kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka cheusi, bado umepaka tu: futa tena, uache ukauke, ujaribu mara ya pili. Kikitoka cheupe, umetia. Gitaa na lirudi kwaya.